Kuiga au Kufanana? Uhakiki wa Istilahi za Virusi na Kinga ya Mwili

Miongoni mwa dhana ambazo wafasiri wa maandishi ya tiba hulazimika kuzitafutia jina la Kiswahili siku hizi, imo moja inayohusu njia ambayo virusi huitumia kukwepa kinga ya mwili. Wataalamu wamekwisha kuthibitisha kwamba baadhi ya virusi huwa na protini zinazofanana mno na protini za mwili vinamoishi. Kwa sababu hiyo walinzi wa mwili huvipita bila kuvigusa, au hupokea amri zisizotoka kwa wakubwa wao. Tafsiri inayokuja upesi kalamuni ni hii: "virusi huiga protini za mwenyeji." Sentensi hiyo ni fupi na kila mwanafunzi ataidhani ameielewa. Kwa maoni yetu inapotosha kwa maneno yake yote mawili yenye uzito, yaani "kuiga" na "mwenyeji", na katika kurasa hizi tunakusudia kueleza kwa nini.

Tumependelea kuzipima istilahi hizi huko Kigoma na Ujiji badala ya kuzipima mezani. Istilahi ya tiba haiishi katika kamusi. Huishi katika tangazo lililobandikwa gatini, katika zahanati, na katika somo la biolojia la kidato cha nne. Mwambao wa Ziwa Tanganyika, ziwa linalogawanywa na nchi nne, ni mahali ambapo Kiswahili kimekuwa lugha ya soko tangu enzi za misafara. Ni mahali ambapo maradhi huvuka kwa mashua pamoja na dagaa na mawese, na ambapo maneno "mgeni" na "mwenyeji" hayatamkwi hivi hivi.

Kwanza tuitazame dhana yenyewe, kwani mfasiri asiyeijua kazi ya kitu hawezi kukipa jina. Mfano ulio bora unatoka katika Afrika ya Mashariki yetu hii. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza habari za uvimbe wa saratani uliowapata watoto, aghalabu katika taya. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London, na mwaka 1964 Michael Epstein pamoja na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakaona ndani ya seli zake kirusi kisichojulikana hapo kabla, ambacho leo huitwa kirusi cha Epstein-Barr. Mwaka 1990 ilidhihirika kwamba kirusi hicho kina jeni inayotengeneza protini iliyo karibu sawa na interleukini 10 ya binadamu. Interleukini 10 ni mjumbe. Kazi yake mwilini ni kuwaambia askari wa kinga watulie, vita visije vikaunguza nyumba inayolindwa. Kirusi kinapoutuma ujumbe kama huo kwa faida yake, askari hutulia wakati wasiopaswa kutulia.

Je, huko ni kuiga? Neno "kuiga" katika Kiswahili lina mtu ndani yake. Mtoto humwiga babaye, mwanafunzi huuiga mwandiko wa mwalimu, na mchekeshaji huiga sauti ya kiongozi. Mwigaji ana macho ya kutazamia, ana nia, na ana jitihada inayoweza kufaulu au kushindwa. Iko methali ya anayemwiga tembo, ambayo heshima ya ukurasa huu haituruhusu kuimaliza, lakini kila msomaji anaujua mwisho wake: mwigaji hupasuka kwa sababu alijaribu jambo lisilo la kimo chake. Kirusi hakijaribu neno lolote. Hakina jicho wala nia. Hakikumtazama mjumbe wa mwili kikajifunza mwendo wake.

Kilichotokea ni kimojawapo cha mambo mawili, na neno "kuiga" huyafunika yote. Pengine jeni ya protini ile ilinyakuliwa zamani sana kutoka katika mnyama ambaye mababu wa kirusi waliishi mwilini mwake. Ndivyo inavyoelezwa juu ya jeni nyingi za namna hii katika virusi vikubwa vya jamii ya Epstein-Barr na ya ndui. Mtu aliyevaa kanzu aliyoiiba kwa jirani haigi kanzu, anayo. Ama pengine mfanano ulizuka polepole: katika vizazi vingi vya virusi vilivyotofautiana kidogo kidogo, vile vilivyofanana zaidi na kitu cha mwili ndivyo vilivyosalimika na kuzaana. Hapo hakuna mwizi wala mwigaji. Waliotofautiana wameangamia, na waliobaki ndio tunaowaona.

Wenyeji wa Ziwa Tanganyika wanaye wa kuwasaidia kuielewa njia hii ya pili. Yuko humo samaki mla magamba mwenye milia, ambaye wataalamu humwita Plecodus straeleni. Sura yake inalingana na ya samaki wengine wenye milia ambao hawali magamba ya mtu. Kwa sababu hiyo samaki wa aina nyingine humwacha akaribie, na akikaribia huwanyofoa magamba. Hakuna mvuvi wa Kibirizi atakayesema kwamba samaki huyo aliamka asubuhi akajichora milia. Kamzaliwa nayo. Mwalimu wa biolojia akimwanza mwanafunzi kwa samaki huyu, amekwisha kumwepusha na nusu ya kosa.

Yako maneno mengine yanayopendekezwa. "Kughushi" ni neno la mahakama na la waraka: hutaka mhalifu, mhuri na hukumu, tena hubeba nia kuliko hata "kuiga". "Kujifanya" nalo lina unafiki. Neno "bandia" linavutia, maana ni la Kiswahili cha kila siku na halina mtendaji, lakini anayesema "protini bandia" anasema uongo. Ile ni protini ya kweli yenye kazi ya kweli, na damu ikipimwa haikosi uzito wala umbo. Kilicho bandia ni ujumbe inaoubeba. "Bandia" basi itumike kwa ujumbe na kwa alama, isitumike kwa kitu chenyewe.

Sisi tunaliona neno "mfanano" kuwa ndilo lifaalo kuwa jina la jumla, na sababu kubwa imo katika umbo la kitenzi chake. "Kufanana" kina kiambishi cha kutendana. Kitu hakifanani peke yake, viwili hufanana. "Kuiga" kwenda upande mmoja, kutoka kwa mwigaji hadi kwa anayeigwa, na anayeigwa hapati neno. Lakini katika jambo hili anayefananwa naye hupata hasara, na hasara hiyo ndiyo sehemu ya dhana ambayo mganga anaihitaji kuliko zote. Kinga ikiamka mwishowe na kutengeneza silaha za kukipiga kirusi, silaha hizo zaweza kuipiga na sehemu ya mwili inayofanana nacho. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa wa maradhi yale ambayo kinga hula ala za neva za ubongo na uti wa mgongo, kingamwili inayoshika protini moja ya kirusi cha Epstein-Barr hushika pia protini ya seli za ubongo wenyewe. Walimu wanao mfano wa karibu zaidi, ingawa mhusika wake ni bakteria: mtoto huugua koo, hupona, kisha hupata homa ya baridi yabisi na moyo wake ukaharibika, kwa kuwa kinga iliyowapiga bakteria wa kooni iliona katika moyo kitu kinachofanana nao. Mwanafunzi aliyefundishwa "kuiga" atauliza kwa haki: ikiwa kirusi ndicho kilichoiga, mwili umekosa nini hata upigwe? Aliyefundishwa "mfanano" amekwisha kulipata jibu ndani ya neno.

Jina la jumla likishapatikana, yabaki matendo. Hapa Kiswahili cha mwambao kina utajiri ambao wafasiri wengi huupita mbio wakikimbilia maneno ya kutohoa.

Tendo la kwanza ni la alama. Kila seli huonyesha juu ya ngozi yake vipande vya protini inazotengeneza, na askari hupita wakizisoma. Virusi vingi huishusha alama hiyo, visisomwe. Lakini wako askari wengine ambao kazi yao ni kuiua seli isiyo na alama yoyote. Sitomegalovirusi, ambacho ni ndugu wa kirusi cha Epstein-Barr, hushusha alama halisi kisha hutundika nyingine inayofanana nayo, askari wa pili wapate kutulia. Tumesikia ikipendekezwa hapa "kitambulisho bandia". Ni picha nzuri, na pengine mahali pengine ingefaa. Mkoani Kigoma, ulio mpakani, neno kitambulisho lina harufu ya afisi ya uhamiaji, na msomaji atafikiri juu ya watu kabla hajafikiri juu ya seli. "Alama bandia" yatosha.

Tendo la pili ni la ujumbe, nalo tumekwisha kulieleza. "Ujumbe bandia" linajitosheleza. Mwalimu wa Kigoma anaweza kuongeza taa za wavuvi. Usiku usio na mbalamwezi dagaa huukusanyikia mwanga unaoning'inizwa juu ya maji, zamani wa karabai na siku hizi zaidi wa taa za umeme wa jua, na wavu uko chini yao. Mwanga ule ni mwanga wa kweli; ila hausemi lile ambalo dagaa wanalisikia.

Tendo la tatu ndilo ambalo tafsiri zake hutusikitisha zaidi. Virusi vya jamii ya ndui hutoa nje ya seli protini zinazofanana na vipokezi vya mwili. Wajumbe wa kinga huzinasa protini hizo wakidhani wamefika, na ujumbe haufiki uendako. Anayeandika "kipokezi cha uongo" hajakosea, lakini ameandika maneno matatu pale ambapo wavuvi wanalo moja: "chambo". Chambo hufanana na chakula, huelea mahali pa chakula, na anayekishika hafiki mezani. Hatuoni sababu ya istilahi ya tiba kuona haya kutoka katika mtumbwi. "Chanjo" yenyewe ilitoka katika wembe uliochanja ngozi wakati wa kupambana na ndui, na leo hakuna anayecheka akiitiwa chanjo ya matone.

Ndui yenyewe yatuleta kwenye kisa kilichotokea juzi katika ziwa hili. Damuni mna kundi la protini zinazotoboa ngozi ya vijidudu, na mwili huzilinda seli zake zisitobolewe kwa kuwa na protini nyingine za kuzizuia. Mwaka 1988 ilitangazwa kwamba kirusi kilichotumika katika chanjo ya ndui kina protini inayofanana na hao wazuiaji. Baadaye ikaonekana kwamba kirusi cha ndui, maradhi yaliyotangazwa kutokomezwa mwaka 1980, kilikuwa na ya kwake, yenye nguvu zaidi dhidi ya damu ya binadamu. Binamu yao, kirusi cha mpox, ana matawi mawili. Tawi la Afrika ya Kati, ambalo limejulikana kwa kuua zaidi, lilikuwa nayo protini hiyo. Tawi la Afrika ya Magharibi halikuwa nayo. Watu wakaanza kuiona protini hiyo kama alama ya tawi, na kipimo kimojawapo cha kulitambua tawi la Afrika ya Kati kikatengenezwa kwa kuitafuta jeni yake. Kisha mwaka 2023 ikaonekana Kamituga, katika Kivu ya Kusini, aina mpya ya tawi hilo hilo. Aina hiyo imeipoteza jeni ile. Kipimo kilichoitafuta hakikuiona. Mwezi wa Julai 2024 aina hiyo ilithibitishwa Burundi. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura, iliyoondolewa Septemba 2025. Na Machi 2025 Tanzania nayo ikatangaza wagonjwa wake wa kwanza wa mpox.

Tumekirefusha kisa hiki kwa makusudi, kwa kuwa kinaihukumu "kuiga" kuliko hoja zetu zote za sarufi. Kama kirusi kilikuwa mwigaji, basi kiliacha kuiga kikaendelea kusambaa. Anayefikiri kwa neno hilo atasema kwamba kirusi kilibadili hila ili kikikwepe kipimo, na sentensi ya namna hiyo ikiandikwa katika tangazo hupandisha hofu bila kuongeza maarifa. Anayefikiri kwa "mfanano" atasema lililo kweli: mfanano mmoja umepotea, kirusi kimebaki, na kipimo kilichoegemea mfanano huo kimekosa pa kushika.

Hatuwezi kulitaja gonjwa hilo bila kusema neno juu ya jina lake. Mwezi wa Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza jina la zamani la Kiingereza, lililolitaja tumbili, liachwe, na "mpox" lishike mahali pake. Kwa Kiswahili limeenea jina "homa ya nyani". Jina hilo limekosea mara mbili. Kirusi kiligunduliwa mwaka 1958 katika kima waliofugwa maabarani huko Copenhagen, na inadhaniwa kuwa makazi yake ya asili ni wanyama wa jamii ya panya. Tena Kiswahili hutofautisha nyani, kima, ngedere, tumbili na sokwe, na mfasiri aliyewarundika katika neno moja ameifukarisha lugha iliyo tajiri kuliko ile anayoifasiri. Kwa mtu wa Mwamgongo, kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Gombe, nyani ni jirani anayemfahamu kwa sura. Kumsingizia homa si jambo dogo.

Sasa tuje kwa "mwenyeji". Neno hili limekwisha kuzoeleka kwa maana ya kiumbe ambamo kimelea huishi, na hatuna nia ya kuling'oa. Taabu ni kwamba likiingia, humvuta mwenzake. Kiswahili hakina mwenyeji pasipo mgeni. Mfasiri akikutana na dhana ya kitu kisicho cha mwili huandika "kitu kigeni", kisha "mgeni", kisha "mvamizi kutoka nje", na kufikia mwisho wa aya mwili umekuwa nchi na ugonjwa umekuwa wahamiaji. Chukulia sentensi kama hii, ambayo tumeitunga wenyewe kwa mfano: "Kinga huwatambua wageni na kuwaangamiza, lakini baadhi ya wageni hujifanya wenyeji." Isomwe Dar es Salaam, itapita. Isomwe Kasulu, wilaya ambamo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na ambako Warundi wengi walipokewa tena mwaka 2015. Mwezi wa Mei mwaka huo maelfu ya watu walirundikana Kagunga, ufukoni, wakingoja meli ya Liemba iwachukue hadi Kigoma, na kipindupindu kikazuka kati yao. Katika mahali kama hapo sentensi ile haizungumzii tena protini. Mtumishi wa serikali aliyeibandika ukutani atakuwa ametoa tamko la siasa bila kujua, na mgonjwa aliyevuka ziwa atasita kuja zahanati.

Tunashauri basi kwamba "mwenyeji" ibaki, lakini kirusi kisiitwe mgeni. Kiitwe "kimelea", au kiitwe kirusi. Na kwa ile tofauti ambayo kinga huishika, kati ya kilicho chake na kisicho chake, lugha ina kimilikishi kilicho safi: "cha mwili" na "kisicho cha mwili". Kinga huuliza, "Je, hiki ni cha mwili?" Haiulizi kimetoka wapi. Hata sayansi hiyo ndiyo swali lake, kwani seli ya saratani haikutoka popote na bado inapaswa kuuawa. Wafasiri watasema kwamba maneno hayo hayana ladha. Ni kweli, na kwa mara hii tunakubali kupoteza ladha.

Juu ya "kingamwili" tutasema kwa ufupi. Neno hili leo linabeba mizigo miwili: wengine wanalitumia kwa protini zile zinazoshika vijidudu, wengine kwa kinga nzima. Libaki na maana ya kwanza, na ya pili iitwe "mfumo wa kinga", ama sivyo hatutaweza kueleza hata mambo yaliyo mlangoni kwetu. Sokwe wa Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, wana kirusi cha jamii moja na virusi vya UKIMWI, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba walioambukizwa walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri mmoja. Virusi vya UKIMWI hujifunika sukari zinazotengenezwa na seli ya mwili wenyewe, kwa hiyo kingamwili hukuta juu yake ngozi ambayo ni ya mwili kweli. Hapa hata "mfanano" haufai: kitu hakifanani na cha mwili, ni cha mwili. "Ngao ya sukari" imeanza kutumika na inafaa. Anayesema kwamba "kingamwili inaikosa kingamwili" kwa kutotenganisha maana mbili hizo hataeleweka na mtu yeyote.

Limebaki kundi lile la protini za damu zinazotoboa vijidudu. Wapo wanaoliita "protini kamilishi", jina linalofuata lugha za kigeni neno kwa neno na lisilomwambia msomaji kama protini hizo zinakamilisha nini. Sisi tumetumia maelezo katika makala haya yote kwa kuwa hatujapata neno moja linaloturidhisha. "Vitobozi" limetajwa mbele yetu, nalo lina nguvu, ila protini hizo hufanya na kazi nyingine, kama kuvitia vijidudu alama ili vimezwe na seli. Wasomaji wenye pendekezo, hasa walimu na waganga wa mikoa ya ziwani, wanaombwa waliandikie Baraza kabla orodha ya istilahi za elimu ya kinga haijafungwa.